Saa ya Skuli na Usiku wa Mpira

Jua huwafikia watu wa Unguja kabla halijawafikia watu wa Migato. Mwishoni mwa mwezi wa Januari, Unguja hulipokea dakika ishirini na ushei baada ya saa 12 za asubuhi; Migato, kata iliyomo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, hulingoja mpaka karibu saa 12:50. Saa ya ukutani ni moja nchi nzima, na si vibaya iwe moja. Lakini ardhi nayo ina hesabu yake: kati ya pwani na Migato zimo nyuzi tano hivi za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Mtoto wa Migato anayetakiwa afike skuli mapema, na ufagio mkononi au na kidumu cha maji, huondoka kwao gizani. Huondoka gizani siku ya mpira na siku isiyokuwa ya mpira.

Jambo hili lafaa litangulizwe, kwa sababu suala la kuzilegeza saa za skuli asubuhi ya baada ya mechi kubwa limezoea kuzungumzwa kama kwamba siku nyingine zote mambo ni sawa, na kwamba mpira peke yake ndio mharibifu.

Tarehe 24 Januari 2024, siku ya Jumatano, timu ya taifa ya Tanzania ilikutana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika mji wa Korhogo, kaskazini mwa Côte d'Ivoire, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Huko ilikuwa saa 2 za usiku; Tanzania ilikuwa saa 5. Taifa Stars ilikuwa imekwisha kufungwa na Morocco mabao 3-0, ikatoka sare ya 1-1 na Zambia baada ya kurudishiwa bao dakika za mwisho. Ilikuwa na pointi moja tu, lakini hesabu zilikuwa hazijafa: ushindi ungeivusha hatua ya makundi kwa mara ya kwanza tangu ilipoanza kushiriki mwaka 1980. Benchi lilikuwa mikononi mwa Hemed Suleiman, kocha wa Visiwani aliyekabidhiwa timu baada ya Adel Amrouche kufungiwa. Mchezo ukaisha 0-0. Tanzania ikashika mkia wa kundi kwa pointi mbili. Filimbi ya mwisho ilipolia ilikuwa inakaribia saa 7 za usiku, na siku iliyofuata, Alhamisi, ilikuwa siku ya masomo kama Alhamisi nyingine yoyote ya mwanzo wa muhula.

Nani hutazama mechi kama ile katika kata ya mashamba ya pamba? Mwenye runinga na king'amuzi chake hutazama sebuleni kwake, na majirani hujaa mpaka mlangoni. Wengi huenda kwenye kibanda umiza. Jina hilo limetungwa na watu wenyewe, na halina haja ya tafsiri kwa aliyewahi kukaa saa mbili juu ya ubao mwembamba, magoti yake mgongoni mwa mwenziwe, joto la pumzi za watu limemzunguka. Kijana wa darasa la sita hupata nafasi kwa kulipa sarafu chache au kwa kujipenyeza. Akitoka saa 7 ana mwendo wa kurudi nyumbani, na nyumba za Usukuma hazikubanana kama za mjini. Kila boma lina shamba lake kulizunguka. Tuseme amelala saa 7:30. Saa 11 anaamshwa. Wataalamu wa usingizi wa Marekani, katika mapendekezo yao ya mwaka 2016, walisema mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Huyu amepata saa tatu na nusu.

Afikiriwe sasa mwalimu wa zamu siku hiyo. Yeye mwenyewe huenda alikuwa kibandani, kwenye ubao wa mbele aliopishwa kwa heshima ya ualimu wake. Amesimama karibu na mlingoti wa bendera, kiranja anahesabu namba, na wachelewaji wanatokea mmoja mmoja kwenye njia ya mashambani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Unatoka wapi saa hizi?"

"Nyumbani, mwalimu."

Jibu ni la kweli na halisemi kitu, na wote wawili wanajua hivyo. Mkononi mwa mwalimu huenda pana fimbo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na kanuni zilizotungwa chini yake zimeiruhusu adhabu ya viboko katika skuli za Tanzania Bara. Baadaye idadi ikapunguzwa isizidi vinne, na mamlaka yakawekwa kwa mkuu wa skuli au mwalimu aliyempa idhini. Swali la saa za skuli, likifika Migato, si swali la starehe ya kulala zaidi. Ni swali la kama mtoto atachapwa kwa kuwa usiku alikuwa akiitazama nchi yake.

Wenye nchi nyingine wamelijibu kwa namna zao. Timu ya Uingereza ilipofika fainali ya Kombe la Ulaya iliyochezwa Wembley usiku wa Jumapili, tarehe 11 Julai 2021, baadhi ya walimu wakuu walitangaza mapema kwamba Jumatatu watoto wangeweza kufika wamechelewa. Walitangaza kabla hawajajua matokeo, na matokeo hayakuwa mazuri kwao: Italia ilishinda kwa penalti. Saudi Arabia ilipoifunga Argentina 2-1 huko Qatar, tarehe 22 Novemba 2022, Mfalme Salman aliifanya siku iliyofuata kuwa mapumziko kwa wafanyakazi na wanafunzi. Senegal ilipotwaa Kombe la Afrika tarehe 6 Februari 2022, Rais Macky Sall naye alifanya vivyo hivyo. Amri hizi mbili za mwisho ni zawadi ya ushindi. Wale walimu wakuu hawakutoa zawadi, waliuhesabu usingizi. Ni vitu viwili mbalimbali, ingawa aghalabu huchanganywa, na anayetetea saa zilegezwe hana budi aseme anatetea kipi. Kama ni zawadi, basi asubuhi ile ya Januari Tanzania haikustahili chochote, maana haikushinda. Kama ni usingizi, sare nayo hukesha watu sawasawa na ushindi.

Tanzania yenyewe si nchi ya kutoa zawadi za namna hiyo kwa wanafunzi. Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu fainali za Afrika baada ya kuzikosa kwa miaka 39. Wachezaji waliitwa Ikulu, wakaahidiwa viwanja Dodoma. Wanafunzi walikwenda skuli.

Afrika Kusini ndiyo iliyolitazama jambo hili kwa jicho pana zaidi. Ilipoandaa Kombe la Dunia mwaka 2010 haikugusa saa ya asubuhi, iligusa kalenda. Likizo ya majira ya baridi ilirefushwa ikafika takriban wiki tano, ikayafunika mashindano yote, na hapakuwa na mtoto wa kuchelewa kwa kuwa hapakuwa na kengele. Aliyelifanya hilo aliweza kwa sababu mashindano yalikuwa yake na alizijua tarehe zake miaka mingi kabla.

Na hapa Wasukuma wana lao la kusema, la zamani kuliko Kombe la Dunia lenyewe. Wana vyama vikubwa viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo upinzani wao hauna cha kuuonea haya upinzani wa Simba na Yanga. Vikundi viwili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kimoja na ngoma zake, mbwembwe zake na dawa zake, na kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Hakuna refa. Umati ndio unaohukumu, kwa miguu yake. Na mashindano hayo hufanywa lini? Baada ya mavuno, mwezi wa Juni na kuendelea, jembe likiwa limetundikwa na mtama umo ghalani. Kukesha kwa ajili ya ngoma wakati wa palizi ni jambo ambalo mzee wa Kisukuma angelikemea, si kwa kuichukia ngoma bali kwa kuijua kazi. Jamii ile ililiweka shindano lake mahali ambapo usiku haumdai mtu kitu asubuhi yake.

Mpira wa runinga hauwezi kuwekwa na mzee wa Migato. Saa 2 ya Korhogo ilichaguliwa kwa manufaa ya watazamaji wengine na wenye matangazo. Mechi za Ligi ya Mabingwa wa Ulaya huanza saa 4 au saa 5 za usiku kwa saa za Afrika Mashariki, katikati ya wiki. New York iko nyuma ya Tanzania kwa saa 7 katika mwezi wa Juni, na Los Angeles kwa saa 10, kwa hiyo mechi ya jioni ya huko ni ya alfajiri ya huku. Januari, ambayo fainali za Afrika zimeizoea, ndiyo Januari ya palizi ya pamba Simiyu, mkoa unaotegemewa kuliko yote kwa zao hilo. Mtoto aliyetoka kibandani saa 7 huenda akadaiwa na skuli asubuhi na akadaiwa na shamba jioni. Skuli ikimsamehe saa moja, shamba halimsamehi.

Juu ya hayo, pana mtu ambaye mjadala huu humsahau. Ni dada yake. Usiku wa Korhogo hakuwamo kibandani, kwa kuwa msichana wa umri wake haruhusiwi kukaa hapo saa 5 za usiku, na wazazi wanaomkataza wana sababu. Alilala mapema. Aliamka saa ile ile ya siku zote, akatafuta maji, akafagia uwanja, akamwamsha kaka yake. Kengele ikisogezwa kutoka saa 1:30 hadi saa 2:30, kaka atalala saa moja zaidi. Yeye je? Kila anayejua maisha ya vijijini anaweza kubashiri: ile saa itajazwa. Patakuwa na ndoo ya pili ya kuchota, au mtoto mchanga wa kubebwa. Nafuu iliyotangazwa kwa wote itakuwa imemfikia mmoja, yule ambaye tayari alikwisha kupata mpira.

Visiwani nako jambo si jepesi, ingawa kwa sababu nyingine. Skuli nyingi za Unguja na Pemba huendesha mikondo miwili, ya asubuhi na ya mchana, kwa uhaba wa vyumba. Ukiusogeza mkondo wa asubuhi kwa saa moja, watoto wa mchana watasimama uani juani wakingoja madawati yao, na hao nao walikesha. Hata hivyo Visiwani hapana asiyejua kwamba saa ya kazi inaweza kukunjwa. Kila mwaka Ramadhani huzipunguza saa za ofisi, na nchi haianguki. Haianguki kwa kuwa Ramadhani hujulikana kabla, humhusu kila mtu, na kila nyumba huipangia mambo yake.

Kwa hiyo amri ya jumla ya kuchelewesha skuli haifai, si Migato wala Mkunazini. Itamnufaisha aliyekesha na kumwongezea kazi asiyekesha. Lakini kutoka hapo hadi kwenye fimbo ni mbali sana, na katikati yake kuna mambo mengi ambayo mwalimu mkuu anaweza kuyafanya bila ya kungoja waraka wa Dodoma. Tarehe za mechi za timu ya taifa hutangazwa wiki nyingi kabla. Hisabati, ambayo skuli nyingi huipanga asubuhi wakati vichwa vi vyepesi, siku hiyo inaweza kupelekwa kipindi cha nne, na cha kwanza kikawa cha kusoma hadithi kwa sauti au cha kusimulia mchezo wenyewe kwa Kiswahili sanifu. Kijana aliyeiona Korhogo kwa macho mekundu ana cha kuandika insha. Kufagia kunaweza kuahirishwa hadi jioni, na hapo dada naye amepata kitu, maana ufagio huo aghalabu ni wake. Jaribio lililopangwa Alhamisi laweza kuwa Ijumaa. Mzazi naye ana lake: banda lina mlango, na mwenye banda ana jina na anajulikana na serikali ya kijiji, ambayo ina uwezo wa kumwambia kwamba mechi ya klabu za Ulaya Jumanne usiku si mahali pa mtoto wa darasa la sita, lakini usiku wa Taifa Stars aje na baba yake.

Baki ile saa ya jua. California ilipitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kutumika 2022, kwamba skuli za sekondari zisianze kabla ya saa 2:30 za asubuhi, wala hapakuwa na mpira wowote ndani yake; walihesabu usingizi wa siku zote. Kama iko siku Tanzania itakaa kuzizungumza saa za skuli zake, mkoa kwa mkoa, Simiyu itakuwa na hoja ya dakika ishirini inazozidai pwani kila asubuhi, tangu Januari hadi Desemba. Dakika hizo ni nyingi kwa anayetembea. Zinatosha kumwonyesha mtoto njia, na nyoka aliyelala juu yake, na kina cha maji ya korongo baada ya mvua ya usiku.