Luano na Habari za Silaha: Zamani Tulipima, Leo Tunakataa Tu

Kwa mtu wa Lubumbashi, kutaja Luano ni kutaja uwanja wa ndege. Sisi tuliokulia pembezoni mwake tuliwajua watu wa uwanja kwa majina: wapakuzi wa mizigo, wafyekaji wa majani kando ya njia ya kurukia, walinzi wa lango. Ndiyo maana habari za silaha zilizoingia Katanga hazikuanza kutufikia kwa redio wala kwa gazeti. Ziliingia nyumbani jioni, mzee akishavua viatu, zikasimuliwa taratibu juu ya bukari na sombe, mlango ukiwa umefungwa.

Leo, katika mitaa ileile, nasikia vijana wakisema kwamba hakuna habari ya silaha inayostahili kuaminiwa, iwe imetoka serikalini, Umoja wa Mataifa au kwa mwandishi aliyehatarisha maisha yake kuitafuta. Sababu wanazo, tena za miaka zaidi ya 60. Ninachosikitikia ni kwamba wazee wetu nao hawakuamini, lakini kutoamini kwao kulikuwa na kazi ndani yake, na kazi hiyo hatukuirithi.

Mwaka 1961 Katanga ya Moïse Tshombe ilikuwa imejitenga na Kongo tangu tarehe 11 Julai ya mwaka uliotangulia, ikisaidiwa na maofisa wa Kibelgiji na fedha za kampuni ya madini ya Union Minière. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ya DC-4 ilitua Luano ikiwa na Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, wamefungwa kamba na kupigwa njia nzima. Askari wa Sweden waliokuwa uwanjani kwa niaba ya Umoja wa Mataifa waliwaona kwa mbali wakishushwa huku wakiendelea kupigwa. Usiku huohuo wote watatu waliuawa kwa risasi porini. Tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliwatangazia waandishi kwamba wafungwa walitoroka, wakauawa na wanakijiji, na kwamba kijiji chenyewe hakitatajwa.

Wazee walilishika tangazo hilo mpaka wakaingia nalo kaburini. Kwetu mgeni akifika, jambo la kwanza kuulizwa ni kijiji anachotoka. Sasa waziri anatangaza kifo cha aliyekuwa waziri mkuu wa nchi, na kijiji hakina jina! Hakuna aliyehitaji shule ili ajue kwamba hapo pana kitu kinafichwa. Tume ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka huohuo, mwezi Novemba, kwamba hadithi ya Munongo haiaminiki. Bunge la Ubelgiji lilihitaji miaka 40, hadi 2001, ndipo tume yake ikakiri kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji na Wabelgiji wengine walibeba dhamana ya kimaadili katika mauaji hayo. Watu wa Luano walikuwa wamekwisha kusema tangu mwanzo.

Katikati ya Februari hiyohiyo, maneno ya Munongo yakiwa bado yanazunguka mjini, ndege kubwa ya mizigo ya kampuni ya Kimarekani iliyoitwa Seven Seas ilileta Luano ndege tatu za kivita aina ya Fouga Magister, zilizotengenezwa Ufaransa. Katanga ilikuwa imeagiza tisa, zikafika tatu. Ufaransa, Marekani na Ubelgiji kila mmoja alikuwa na maelezo yake, na katika maelezo hayo yote hapakuwa na mwenye kosa. Marehemu baba alikuwa mpakuzi wa mizigo pale uwanjani. Alichokumbuka yeye ni miili ya ndege isiyo na mabawa ikishushwa polepole, wazungu wakipiga kelele ili isigongwe, na wafanyakazi weusi wakiambiwa wageuke wasitazame. Tulipokua tukamletea yale tuliyosoma shuleni, alitusikiliza kwanza, kisha akajibu kwa Kiswahili chetu cha Katanga: "Bo banasemaka, shiye tulionaka."

Fouga moja ilianguka kabla vita kati ya Katanga na Umoja wa Mataifa havijaanza. Ya pili ilikamatwa na askari wa Umoja wa Mataifa palepale Luano mwishoni mwa Agosti. Ya tatu, iliyokuwa ikiruka kutoka Kolwezi, iliwatesa askari hao mwezi Septemba kwa kuwa hawakuwa na ndege hata moja ya kivita ya kuijibu. Iliwashambulia Waireland waliozingirwa Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, hadi wakasalimu amri, zaidi ya watu 150. Shehena moja iliyokanwa na kila mkubwa ilitosha kugeuza mkondo wa vita.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikuwa akienda Ndola kukutana na Tshombe. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola, na watu wote 16 waliokuwamo wakapoteza maisha. Tume ya watawala wa Rhodesia, waliotawala Ndola wakati huo, ilisema rubani alikosea. Lakini porini usiku ule walikuwepo wachoma makaa, na baadhi yao walisema waliona ndege nyingine angani, wakaona na mwanga. Tume ikawadharau. Walikuwa Waafrika, maskini, wachafu wa masizi. Neno lao lingesimamaje mbele ya neno la ofisa?

Ilipita zaidi ya nusu karne. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wa Tanzania, kazi ya kuichunguza upya habari hiyo, naye akaupa ushahidi wa watu wale uzito uliostahili. Katika ripoti yake ya 2017 aliandika kwamba inawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilichangia kuanguka kwa ndege ile, na tangu hapo amekuwa akizitaka serikali zenye nyaraka za kijasusi zizifungue. Wachoma makaa walichukua miaka zaidi ya 50 kusikilizwa, na aliyewasikiliza ni jaji anayezungumza Kiswahili kama sisi.

Watu wa namna hiyo ndio waliotulea. Walikuwa na utaratibu wao wa kupima habari, ingawa hakuna aliyeuandika popote. Habari ya mtu mmoja ilisikilizwa tu. Ya watu wawili wasiojuana ilianza kupewa uzito. Kisha liliulizwa swali: wewe uliona, au uliambiwa? Kama uliambiwa, aliyekuambia alikuwa wapi siku hiyo? Miaka ya 1980, redio ya taifa ilipokuwa imejaa nyimbo za kumsifu Rais Mobutu, watu wa reli waliotoka Kamina walisimulia juu ya ndege zilizotua usiku katika kambi ya jeshi ya kule na kuondoka kuelekea Angola. Wazee hawakukimbilia kuamini. Walisubiri dereva wa lori, wakasubiri mke wa askari aliyekuja kuuza mahindi, wakalinganisha. Mwaka 1987 magazeti ya Marekani yaliandika kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, lilipitisha silaha Kamina kwenda kwa waasi wa UNITA wa Jonas Savimbi. Serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikakanusha. Kanusho hilo halikumshtua mtu mtaani kwetu, kwa kuwa kazi ya kupima ilikuwa imekwisha kufanywa.

Hata picha zilibeba kazi hiyo. Mchoraji wetu wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia ya nchi mwanzoni mwa miaka ya 1970, picha zaidi ya 100, na kuisimulia kwa Kiswahili cha mjini kwa mwanazuoni Johannes Fabian. Lumumba yumo, vita vya Katanga vimo. Watu wenye mshahara mdogo walinunua picha kama hizo wakazitundika sebuleni. Nazikumbuka: rangi ya buluu nzito ya anga, askari waliopangwa mstari, maandishi yaliyochorwa kwa mkono chini. Mgeni akiingia, mzee aliitumia picha kuanzisha mazungumzo, na mgeni aliyekuwa na la kuongeza au la kusahihisha alilisema hapohapo. Historia ilikuwa inasahihishwa mbele ya watoto.

Linganisha na sasa. Juzi kijana anayeuza muda wa simu njia panda ya kwenda uwanjani alinionyesha video kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Masanduku ya kijani yanashushwa usiku kutoka kwenye ndege, na sauti ya mtu asiyejitaja inasema: hii ni Luano, jana, silaha zinaingia. Nikamwomba airudishe nyuma. Nyuma ya ndege ile, taa zilikuwa zinacheza juu ya maji mapana, na meli zimetia nanga. Nikamwambia: mwanangu, Luano ina bahari tangu lini? Akacheka, akaifuta. Nikadhani tumemaliza. Kisha akasema, kwa heshima kabisa: "Baba, yote ni ya uongo. Hata zile za 1961 mnazosimuliaga, nani alithibitisha?"

Neno lile limenikaa. Video ya bandari ya watu wengine ilikuwa imeichukua na Fouga ya Luano ikaenda nayo.

Simlaumu kijana. Amekua akisikia maelezo yanayogongana. Februari 2011 watu wenye silaha walipoushambulia uwanja wetu wa Luano, kila ofisi ilikuwa na toleo lake la nani walifanya na walitoka wapi. Amesikia pia kwamba baadhi ya walinda amani wenyewe walituhumiwa, kupitia BBC mwaka 2007 na 2008, kuuziana dhahabu na silaha na waasi mashariki mwa nchi, na kwamba uchunguzi wa Umoja wa Mataifa haukuthibitisha habari ya silaha. Mtu aliyelishwa hayo atamwamini nani?

Na jambo hili si letu peke yetu. Kule Mwanza, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 ilidokeza kwamba ndege zinazobeba minofu ya sangara kwenda Ulaya huja na silaha za vita vya huku kwetu. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani, watu wakaandamana. Mjadala ukawa wa heshima ya Tanzania, na swali la ndege zile zilibeba nini zilipokuja likasukumwa pembeni. Ndivyo inavyokuwa watu wanapotakiwa kuchagua upande kabla ya kutakiwa kutazama.

Lakini wapo wanaotazama. Tangu 2004 kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa limekuwa likifuatilia vikwazo vya silaha Kongo. Wanaandika namba zilizochongwa kwenye bunduki, alama za kwenye maganda ya risasi, namba za usajili za ndege, siku na mahali. Wawili wao, Michael Sharp na Zaida Catalán, waliuawa Kasai mwezi Machi 2017 wakiwa kazini. Ripoti zao zinaweza kukosea, na zina haki ya kupingwa. Ila mtu anayeweka namba mezani ili umkague hawezi kuwekwa kapu moja na sauti isiyo na jina. Wazee wetu wangelijua hilo bila kufundishwa, maana wao walidanganywa na wakubwa kwa miaka mingi kuliko sisi, na bado hawakukubali kwamba ukweli haupo.

Msafirisha silaha hana haja ya kuaminiwa. Kwake inatosha watu wachoke, waseme yote ni uongo, wageukie shughuli zao huku masanduku yakipita. Hasara inabaki kwa mwanamke wa Kivu na kwa mtoto wa Kasai, ambao risasi ikiwafikia hawawezi kusema ni uvumi.

Kwa hiyo nina ombi kwa vyuo vyetu, kwa redio zetu na kwa kila mwenye simu. Wapakuzi wa Luano waliobaki hai kutoka miaka ile wanahesabika, na kila mwaka tunawazika. Waendeeni. Warekodini kwa Kiswahili chao, mwaulize waliona nini, wapi, wakiwa pamoja na nani, kisha mlinganishe na nyaraka. Na habari ya silaha ikikufikia leo, iwe ya waziri, ya jeshi, ya Umoja wa Mataifa au ya jirani, usiiamini upesi na usiitupe upesi. Uliza nani aliona, uliza ni wapi, uliza namba. Asiyeweza kujibu, achana naye. Anayejibu, msikilize mpaka mwisho.