Piza Ikageuka Kesi: Wapelelezi wa Bando na Barua Pepe Zilizovuja

Jumapili mchana, Desemba 4, 2016. Jamaa wa miaka 28, baba wa mabinti wawili, anaingia kwenye mgahawa wa piza jijini Washington, Marekani, akiwa na bunduki ya kivita mkononi. Ameendesha gari kwa saa kadhaa kutoka North Carolina. Hajaja kuiba, wala hana deni na mtu pale. Kwa akili yake, amekuja kuokoa watoto.

Wateja wanatimka, wengine na watoto wao waliokuwa wanakula. Jamaa anaanza kupekua. Anatafuta chumba cha chini ya ardhi, maana mtandaoni alisoma kwamba huko ndiko watoto wamefichwa. Anakuta mlango uliofungwa, anaumiminia risasi. Ndani ni stoo ya vifaa vya kompyuta. Chumba cha chini hakipo, na hakijawahi kuwepo. Jamaa anaweka silaha chini, anatoka mikono juu na kujisalimisha kwa polisi. Hakuna aliyejeruhiwa, ila hiyo ni bahati tu.

Ilifikaje huko? Ilianza na neno moja: piza.

Basi bwana, turudi nyuma kidogo. Machi mwaka huohuo, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton alipokea barua pepe iliyojifanya imetoka Google, ikimtaka abadilishe nywila haraka. Wasaidizi wake wakashtuka, wakamuuliza kijana wa kompyuta. Kijana akajibu kwamba barua ile ni halali. Baadaye alijieleza kuwa alitaka kuandika kinyume chake, kwamba SI halali, vidole vikaruka. Link ikabofywa, na barua za miaka mingi zikaondoka.

Oktoba 7, WikiLeaks ikaanza kuzimwaga hadharani, fungu kwa fungu, uchaguzi ukiwa umebaki mwezi mmoja. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wa Marekani waliwafungulia kesi maofisa 12 wa ujasusi wa jeshi la Urusi kwa udukuzi uliohusisha barua hizo.

Yaani mlango wote ulifunguliwa na neno lililoandikwa kimakosa. Halafu waliokuja kuzisoma barua zenyewe wakaamini kwamba humo ndani hakuna neno lililoandikwa hivihivi tu.

Sasa, ndani kulikuwa na nini? Mambo ya siasa yalikuwepo, na mengine yaliwatia aibu wahusika kwelikweli. Lakini kama inbox ya mtu yeyote, kulikuwa na maelfu ya vitu vya kawaida. Mzee mwenyewe ni mpishi. Kwenye barua moja anaelezea kwa nini wali wa Kiitaliano unaongezwa supu kidogokidogo huku unakorogwa, ili uwe mlaini. Kwingine mtu kamwandikia kwamba dalali wa nyumba kaokota leso yenye mchoro kama ramani inayohusu piza, akauliza kama ni yake. Kuna pasta, kuna jibini, kuna nani atakuja kula Jumapili.

Kwa msomaji wa kawaida, huyo ni mzee anayependa kula. Kwa wapelelezi wa bando waliokesha 4chan na Reddit, hapo ndipo penye siri.

Na tuwe wakweli, hawakuanza na hewa tupu. Herufi za mwanzo za "piza ya jibini" kwa Kiingereza zinafanana na za maneno yanayomaanisha picha za unyanyasaji wa watoto, na kwenye vijiwe vichafu vya mtandaoni mzaha huo ulikuwepo tayari. Wakachukua mzaha wa kijiweni kwao, wakamvalisha mzee wa watu jikoni kwake. Muda si mrefu ikatoka kamusi nzima: jibini ni msichana, pasta ni mvulana, leso ni hiki, mchuzi ni kile. Skrinishoti zikazunguka. Kila mtu akawa mtafsiri.

Ubaya wa kamusi ya namna hiyo ni kwamba haiwezi kukwama. Mtu akiandika "piza", ni fumbo. Asipoandika, ameshtuka, anaficha. Akikana, atakana nini kingine? Akinyamaza, mnaona? Ufunguo unaofungua kila mlango mtaani, fundi yeyote atakwambia, hauna kufuli lake. Wasomaji wale hawakuwa wanatafsiri barua. Walikuwa wanajisomea woga wao wenyewe.

Kisha likatafutwa jengo. Mgahawa mmoja wenye meza za ping-pong ulitajwa kwenye barua kwa sababu mmiliki wake alifahamiana na watu wa chama hicho na pale palipangwa shughuli ya kuchangisha pesa. Ikatosha. Wapekuzi wakaingia Instagram, wakabeba picha za watoto wa marafiki na wateja, wakazisambaza kama "ushahidi". Hebu fikiria wewe ndiye mzazi. Picha ya mwanao anacheza, uliyoipost kwa furaha, sasa inazungushwa na watu usiowajua chini ya maandishi ya kutisha, na waliofanya hivyo wanajiita walinzi wa watoto.

Simu za vitisho zikamiminika, wahudumu wanaolipwa kwa kubeba sahani wakaambiwa watauawa. Majirani wakaunganishwa, hadi duka la vitabu la mtaa huohuo. Polisi wa Washington walisema habari ile ni ya kubuni. Novemba 23, Reddit ilifunga kundi lililokuwa linaongoza msako kwa kuanika taarifa binafsi za watu. Siku 11 baadaye, jamaa wa North Carolina akawasha gari.

Hapa mdau atasema: lakini maneno ya siri si yapo? Yapo, tena sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa. Ofisa akikwambia "ya chai je?", hujauliza kama anataka ya tangawizi. "Soda", "kitu kidogo", wote tunajua kinachozungumzwa. Tena iko kesi halisi kabisa, ya barua pepe kabisa, iliyoigusa Kenya: kashfa ya kuku.

Kampuni moja ya uchapishaji ya Uingereza ilitafuta tenda za kuchapa karatasi za kura na za mitihani. Kwenye barua pepe zake neno "kuku" likawa linapita mara kwa mara. Kuku wa nani? Rushwa. Mwaka 2014 mahakama ya London iliwatia hatiani wakubwa wawili wa kampuni hiyo, na mwaka uliofuata wakahukumiwa. Mwaka 2016 kampuni yenyewe ikaamriwa kulipa jumla ya takriban pauni milioni 2.2.

Angalia tofauti. Wachunguzi wale hawakuishia kwenye neno. Kuku wao alikuwa na njia: aliondoka kwenye akaunti, akapita kwa wakala, na bei ya mkataba ikapandishwa ili apatikane. Barua zilisema kuku, hesabu zikasema pesa, na vyote viwili vikakutana mbele ya hakimu, mshtakiwa akiwa na wakili wake wa kubisha. Tena sentensi zenyewe hazikukaa sawa ukizisoma bila fumbo, maana mchapishaji wa karatasi ana biashara gani ya kumpelekea ofisa wa tume ya uchaguzi kuku?

Piza ilikuwa kinyume chake. Ukiitafsiri kama chakula, barua zinasomeka vizuri tu: watu wanapika, wanaalikana, wanasahau leso. Hakuna pesa iliyofuatwa, hakuna mtoto aliyetajwa kupotea, hakuna shahidi. Bibi naye akikuita kunywa chai, ni chai.

Lipo na jaribio lingine: ukikuta huna ulichokuta, utakubali? Jamaa wa bunduki alikubali, tena haraka. Akiwa mahabusu aliliambia gazeti kwamba taarifa alizozitegemea hazikuwa kamili. Huyo angalau alikwenda kuangalia kwa macho. Wale waliobaki kwenye kiti walisemaje? Wengi walisema jamaa ni mwigizaji, kapangwa ili kuuchafua uchunguzi wao. Mtu aliyewaamini kuliko wote, wakamruka mchana kweupe.

Juni 2017 alihukumiwa miaka minne jela. Waliomjaza maneno waliendelea na bando lao. Januari 2019 mtu mwingine akaingia mgahawa uleule na kuwasha moto chumba cha nyuma. Wafanyakazi wakauzima, naye akafungwa. Na Januari 2025 yule wa kwanza, akiwa ameshatoka gerezani, alipigwa risasi na polisi kwao North Carolina gari lilipokuwa limesimamishwa barabarani. Polisi walisema alitoa bastola na kukataa kuiweka chini. Alifariki siku mbili baadaye. Mabinti wawili wakabaki bila baba.

Kinachouma zaidi ni kwamba unyanyasaji wa watoto ni wa kweli, na mara nyingi anayeufanya ni mtu ambaye mtoto anamfahamu: ndugu, jirani, mwalimu, rafiki wa familia. Hana kamusi ya siri. Ana ufunguo wa nyumba. Mwaka 2020, uvumi mwingine uliposema makabati ya duka fulani la mtandaoni yana watoto ndani, shirika la Marekani lililokuwa linapokea simu za waathirika wa biashara ya binadamu lilieleza kwamba taarifa za uvumi zilikuwa zinawazidi na kuwachelewesha wanaohitaji msaada. Simu ya mtu anayeomba kuokolewa imekaa foleni nyuma ya simu ya anayeripoti kabati.

Kufukua si dhambi. Kuku wasingekamatwa kama watu wasingesoma barua za wenzao kwa jicho kali. Ila jicho kali huuliza pesa ilipita wapi, nani aliona, na mimi nikikosea nani ataumia. Ukishindwa kujibu hilo la tatu, hiyo skrinishoti iache ilale kwenye simu yako.

Na wewe mdau, ni lini mara ya mwisho ulishea kitu, kikaja kuwa uongo, ukarudi palepale kusema "jamani, nilikosea"?