Kawia Ufike: Mama, Ngumbaru na Ripoti Zangu za Shule

Wahenga walituachia methali nyingi kuhusu malezi na elimu, na si zote zinazompendelea mtu mzima. Samaki mkunje angali mbichi, walinena. Udongo upatize uli maji. Tangu shule ya msingi tumezikariri methali hizi na kuzipamba insha zetu kwazo, na walimu wakatutuza alama bila kutuuliza swali moja: je, samaki aliyekwisha kukauka afanyweje? Atupwe? Makala haya ni jaribio la kulijibu swali hilo. Sitalijibu kwa nadharia peke yake, bali kwa kisa kilichotupata mimi na mzazi wangu, kisa ambacho kwa miaka mingi nilikionea haya kukisimulia.

Nilizaliwa na kulelewa Makueni. Mama yangu hakupelekwa shuleni. Kwao walikuwa wasichana wanne na mvulana mmoja, na karo ikamtosha mvulana. Haya hakuyasimulia kwa kinyongo. Aliyasema kama mtu anavyoeleza kwamba mwaka fulani mvua haikunyesha. Hesabu aliijua kuliko mimi. Sokoni, alikouza kunde na maembe, hapakuwa na mchuuzi wala mteja aliyeweza kumpunja hata shilingi moja. Nambari alizitambua kwenye noti, kwenye mizani na kwenye simu. Herufi ndizo zilizomshinda, maana hakuna aliyewahi kumfundisha.

Kwa sababu hiyo, mimi niliyekuwa kitinda mimba nilifanywa msomaji wa nyumba. Nilisoma barua za chama cha akina mama, karatasi za zahanati, na ujumbe wa simu kutoka kwa kaka yangu aliyekuwa kibarua Athi River. Kila mwisho wa muhula nilisoma pia ripoti yangu ya shule. Msomaji atafakari kidogo hali hii: mshtakiwa ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kumsomea hakimu mashtaka.

Mwaka wa 2009 nilikuwa darasa la sita. Ukambani kulikuwa na ukame mkali mwaka huo, na mama alishinda akihangaikia maji na chakula. Nami nilipata nafasi ya kuhangaikia sinema. Sokoni kulikuwa na kibanda cha video ambapo kwa shilingi kumi mtoto angeweza kutazama filamu za mapigano tangu asubuhi hadi jua litue. Nikawa mtoro. Nafasi yangu darasani ilishuka kutoka ya nne hadi ya kumi na tisa, na hilo sikuweza kulificha, maadamu mama alizijua nambari. Nilimwambia kwamba wanafunzi wapya wenye akili nyingi walikuwa wamehamia shuleni kwetu. Lakini maneno yalikuwa yangu peke yangu. Walimu wengine waliandika maoni yao kwa Kiingereza. Mwalimu wa Kiswahili aliandika kwa Kiswahili, tena kwa hati iliyonyooka: "Ana kipawa ila ni mtoro. Mzazi afike shuleni."

Nilimsomea mama hivi: "Ana kipawa. Mzazi anapongezwa."

Mama alitabasamu. Aliniita karibu na taa nimwandikie jina lake mahali pa sahihi ya mzazi, kisha akatia alama ya msalaba kando. Kesho yake alininunulia soda. Muhula wa pili mwalimu aliandika maneno yale yale, nami nikayasoma kwa namna ile ile. Muhula wa tatu vivyo hivyo. Mama alizikunja ripoti zote tatu na kuzihifadhi ndani ya sanduku la bati, pamoja na kitambulisho chake na kadi zetu za kliniki.

Sikuelewa wakati ule kwamba uongo wangu ulikuwa na ncha mbili. Ulinilinda mimi, lakini kule shuleni ulimchafua yeye. Mzazi aliyeitwa mara tatu na asifike ni mzazi gani machoni pa walimu? Ni yule asiyejali.

Mwaka wa 2011, nikiwa darasa la nane, darasa la watu wazima lilifunguliwa katika ukumbi wa kanisa kijijini mwetu. Kwetu darasa hilo huitwa ngumbaru, na neno lenyewe lina uchungu wake. Mtoto akikosea hesabu huambiwa aende ngumbaru. Mama alikuwa amepita umri wa miaka hamsini. Alikwenda siku ya kwanza akiwa ameficha daftari ndani ya kikapu, chini ya mboga, kama mtu anayebeba kitu cha magendo. Darasani walikuwa wanawake kumi na wawili na mwanamume mmoja. Wanaume wengine walipita nje wakicheka, ingawa baadhi yao, kama ilivyobainika baadaye, walisimama dirishani muda mrefu kuliko mzaha ulivyohitaji.

Walianza kwa Kikamba, kisha wakavuka hadi Kiswahili. Mwalimu wao, mwanamke aliyekuwa amehitimu kidato cha nne, hakuwapa "a" ya "abudu" wala picha za watoto wanaocheza mpira. Aliandika ubaoni neno "mbua", na darasa zima likaanza kuzungumza: mvua ya mwaka jana, mbegu zilizooza, mabwawa yaliyokauka. Baada ya mazungumzo ndipo waliposoma silabi. Walipofikia Kiswahili, mama alirudi nyumbani akiwa amefurahi kupita kiasi. "Mbua ni mvua," alituambia. "Kumbe hii lugha nilikuwa ninayo, ilinikosa herufi tu!"

Miaka kadhaa baadaye, katika chuo kikuu, nilikutana na jina la Paulo Freire. Mwaka wa 1963, huko Angicos nchini Brazil, mbinu yake ilitumiwa kuwafunza vibarua na wakulima wapatao 300 kwa kutumia maneno yaliyotoka katika maisha yao wenyewe. Mwaka uliofuata jeshi lilipotwaa mamlaka, alitiwa gerezani. Nilipoyasoma hayo sikushangazwa na mbinu yake, kwani nilikuwa nimekwisha kuiona katika ukumbi wa kanisa. Malcolm Knowles wa Marekani naye alisisitiza kwamba mtu mzima huja darasani na shehena ya tajriba, na hutaka kujua mapema elimu anayopewa itamfaa kwa lipi. Mama hakuwajua wasomi hawa, lakini angewaelewa.

Hali kadhalika, juhudi hizi si ngeni katika Afrika Mashariki. Kenya ilitunga Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka wa 1966, na mwaka wa 1979 serikali ikaanzisha kampeni ya kitaifa ya kisomo. Tanzania, chini ya Mwalimu Julius Nyerere, iliutangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba ni asilimia 61.5 tu ya watu wazima waliokuwa wamefikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Sote tunamkumbuka Kimani Maruge, aliyejiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwezi Januari 2004 akiwa na umri wa miaka 84, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka wa 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza katika Umoja wa Mataifa kuhusu elimu, na mwaka wa 2009 akafariki. Dunia ilimpigia makofi Maruge, na ilistahili. Lakini tusisahau kwamba wengi wa wanafunzi wa ngumbaru hawapigwi picha na mtu yeyote. Huja baada ya kulima, huketi kwenye viti vya watoto, na hurudi nyumbani kupika.

Nirejee kwenye sanduku la bati. Ilikuwa likizo ya Aprili 2013, nami nilikuwa kidato cha pili. Nilimkuta mama mezani ameziweka ripoti tatu mbele yake, miwani puani. Alikuwa akisoma kwa kidole. "M-za-zi. A-fi-ke. Shu-le-ni." Alisoma ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Alipomaliza aliniuliza, "Maneno haya ulinisomea vipi?"

Sikujibu. Nilitarajia kofi, na naapa kwamba kofi lingekuwa jepesi zaidi.

"Nilikuwa nimekupa macho yangu uniangalizie," akasema. Halafu akanionyesha sehemu zilizoandikwa kwa Kiingereza. "Na haya mengine yanasemaje?"

Nilimsomea. Safari hii nilisoma kwa haki, neno baada ya neno, hata yale yaliyoniaibisha. Lakini nilipoinua uso niliona namna alivyokuwa akinitazama, na nikang'amua jambo ambalo halijaniacha hadi leo: hakuwa na njia ya kujua kama nilikuwa ninasema kweli. Miaka miwili ya ngumbaru ilikuwa imemfikisha nusu ya ukurasa. Nusu ya pili ilikuwa bado imefungwa, na ufunguo ulikuwa bado mikononi mwa mtoto aliyemdanganya.

Wasomi wenzangu wa Kiswahili, hapa ndipo kisa cha nyumbani kwetu kinapoingia katika taaluma yetu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kukifanya pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Lakini mtu mzima anayehitimu ngumbaru leo akiwa amejua kusoma Kiswahili atakutana na nini? Hatimiliki ya shamba lake imeandikwa kwa Kiingereza. Mkataba wa mkopo, Kiingereza. Maelezo ndani ya pakiti ya dawa, aghalabu Kiingereza. Tunamfundisha kuogelea kisha tunamwonyesha bahari nyingine. Sisi nasi, tulio na weledi wa lugha hii, tumejishughulisha zaidi na kuandikiana. Tasnifu zetu husomwa na msimamizi, mtahini, na mchwa wa maktaba. Simcheki mtu, yangu nayo ipo njiani kuelekea rafu hiyo hiyo.

Ninapendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, chama chetu kiwe na jopo la kutafsiri hati za kawaida zinazomhusu mwananchi katika Kiswahili chepesi, kwa kushirikiana na wanafunzi wa sheria na wa utabibu ili maana isipotoshwe. Pili, kila mwanachama anayerudi nyumbani wakati wa likizo atafute darasa la watu wazima lililo karibu, ajitolee hata saa mbili kwa juma. Atakayedhani kwamba huko anakwenda kutoa tu, atashangaa. Hata katika kumbi zetu za mihadhara tunaketi na walimu wa shule za msingi wanaokuja kusomea shahada wakati wa likizo, baadhi yao wakiwa na umri wa wazazi wetu. Tunapojadili riwaya inayohusu ndoa au urithi, sisi vijana hutaja nadharia. Wao huwataja watu. Mjadala huanza kuwa na uhai hapo.

Kisa changu kina mwisho ambao mama hakunisimulia. Niliupata mwaka wa 2016, nilipopita katika shule yangu ya msingi kuwajulisha walimu kwamba nimepata nafasi ya chuo kikuu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa bado pale, mvi zimemwingia. Aliniuliza, "Mama hajambo?" Kisha akaniambia kwamba mwaka wa 2013, shule zilipofunguliwa baada ya likizo ya Aprili, mama alifika ofisini amevaa kitenge chake cha kanisani, ripoti tatu mkononi. Alimwamkia, akaziweka mezani, akasema, "Mwalimu, uliniita. Nimechelewa miaka minne, lakini nimefika."

Mwalimu aliniambia kwamba alikuwa amesahau kabisa kuwa aliwahi kumwita. Alimpa kiti wakazungumza. Mama hakumlaumu yeye wala mimi. Alichotaka ni kwamba ijulikane hakuwa mzazi wa kupuuza wito. Alipoinuka kuondoka aliomba kalamu, na kando ya ule msalaba wa zamani akaandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe, mara tatu, kwenye ripoti zote tatu.

Nikiulizwa tena kuhusu samaki mkavu, nitajibu kwamba methali ile si ya uongo; imesema nusu tu. Nusu ya pili imo katika methali nyingine fupi, nayo ni hii: kawia ufike.

Makala haya yatakapochapishwa nitampelekea mama nakala. Huenda akakwama kidogo kwenye "aghalabu" na "tasnifu", na ataniuliza maana. Lakini ataisoma habari yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho bila kupitia kinywani mwangu, na pale nilipokosea atanisahihisha.