Mti Unaoinama Hupogolewa Juu

Nilifika Nairobi mwaka 1984, mwaka ambao mvua ya masika ilikosekana na shamba la nyumbani likakauka. Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kumwagilia miche katika kitalu kando ya Ngong Road. Vitalu vya namna hiyo vingali vipo hadi leo, vimepangwa kando ya barabara, mifuko myeusi ya miche upande mmoja na magari upande wa pili. Mwenye kitalu alikuwa mzee aliyetunza bustani za walowezi tangu ujana wake. Alinifundisha kuchanganya udongo na samadi, kuhamisha mche bila kuumiza mizizi, na kuinua jani kutafuta wadudu upande wa chini. Alipoona mkono wangu umetulia, alinikabidhi mkasi wa kupogolea akasema, "Kijana wangu, huu usimwazime mtu."

Mti uliouzwa sana pale ulikuwa botobrashi, ule wenye maua mekundu ya nywelenywele na matawi yanayoning'inia. Asili yake ni mashariki mwa Australia, majimbo ya New South Wales na Queensland, ambako huota kandokando ya vijito. Nairobi iliupokea vizuri. Mji huu una mazoea ya zamani na miti ya ng'ambo: bustani ya miti ya Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, itoe kuni za kuendeshea garimoshi. Mzee alinipeleka huko siku moja ya mapumziko, akanisimamisha chini ya miti mikubwa, akaniambia nitazame juu. Alitaka nijue mti ukiachiwa unafika wapi, kabla sijamuuzia mtu mche unaoishia gotini.

Somo hilo ndilo lililonipa kazi ya maisha yangu. Mteja anapoinunua botobrashi haizidi urefu wa mtoto, na mashina yake ni membamba. Anaipanda hatua moja kutoka ukutani, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Mti huo ukiachiwa hufika mita nane hivi, na penye maji mengi huzidi. Matawi hutanda kila upande hadi kivuli chake kikameza tuta zima la maua. Ndipo mwenye nyumba hutafuta mtu wa kuupunguza.

Nilipoacha kitalu na kuanza kutunza bustani za watu, nyumba niliyokaa nayo muda mrefu zaidi ilikuwa ya mwalimu mstaafu, mtaa wa Lavington. Botobrashi yake ilikuwa karibu na veranda. Kabla yangu palipita vijana wa kibarua na panga. Walikuwa wameukata mti kileleni, ukabaki na visiki, na kila kisiki kilikuwa kimetoa fungu la machipukizi yaliyosimama wima. Chini, lile pazia la matawi walikuwa wamelikata sawasawa kwa mstari mmoja. Kila ncha iliyokatwa ilikuwa imetoa vitawi vitatu au vinne, kwa hiyo ukingo wa pazia ulikuwa mzito na mgumu kuliko mwanzo. Mti ulikuwa umerudi kwenye kimo chake cha zamani, na umbo lake limepotea.

Mwalimu aliniuliza, "Mwanangu, tuung'oe?"

Nikamjibu, "Mwalimu, nipe misimu kadhaa."

Nieleze nilichokuwa nakiona, kwa sababu hapo ndipo siri ya mti unaoinama ilipo. Tawi la botobrashi hupanda juu kwanza, kisha hujipinda na ncha yake ikashuka. Mzee wa kitalu aliita pale linapojipinda bega. Kimo chote cha mti kiko begani. Zile ncha zinazoning'inia haziongezi hata sentimita moja ya urefu. Hata ukizikata zote leo, mti utabaki na kimo kile kile. Mabegani ndiko machipukizi mapya yanakotokea. Yanapanda kidogo, yanajipinda juu ya yale ya zamani, na mwaka ujao mengine yanatokea juu yake. Hivyo mti hujipandia wenyewe tabaka kwa tabaka. Tabaka la chini hukosa mwanga, majani hupukutika, na ndani pakabaki vijiti vikavu.

Kwa hiyo nilianzia ndani. Niliingia chini ya pazia, nikatoa vijiti vikavu vyote kwa mkono na mkasi, mpaka nikaliona shina na njia ya kila tawi. Kazi hiyo haipunguzi urefu, lakini bila hiyo unakata gizani. Kisha nikapanda ngazi na kulitafuta bega lililo juu kuliko yote. Nikalifuata tawi lake kurudi nyuma kuelekea shinani, hadi nilipokuta panda ambapo tawi dogo linaelekea nje na chini. Kanuni niliyoishika ni kwamba tawi linaloachwa liwe na unene usiopungua theluthi moja ya lile linalokatwa, ili liweze kupokea kazi yake. Hapo ndipo nilipokata. Mti ulishuka, na jicho halikuona palipokatwa kwa sababu lile tawi dogo lilikuwa limeshaanza kuinama.

Tawi nene lina utaratibu wake. Mkato wa kwanza ni wa chini kwenda juu, mbali kidogo na shina, usiofika katikati. Wa pili ni wa juu kwenda chini, mbele ya ule wa kwanza. Tawi linaanguka, na gamba halichuniki kufuata shina. Mkato wa tatu unaondoa kisiki kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio pale tawi linapotoka. Uvimbe huo hauguswi. Zamani tulikata sambamba na shina, tena tukapaka rangi au lami tukidhani tunauponya mti. Mafunzo niliyohudhuria baadaye yalitueleza utafiti wa Alex Shigo, mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya magogo kwa msumeno wa injini ili aone mti unavyozuia uozo kutoka ndani. Alionyesha kwamba kinga ya mti imo katika uvimbe ule, na kwamba rangi ya juu haizuii uozo. Tangu hapo niliacha kupaka kitu, na majeraha yakawa yanajifunga kwa duara safi.

Sikutoa zaidi ya robo ya majani kwa mwaka mmoja. Mti ukinyang'anywa majani mengi kwa mara moja hujibu kwa kutoa machipukizi ya wima kila mahali, na hayo ndiyo yaliyokuwa yamemchosha Mwalimu. Yale mafungu ya visikini niliyapunguza kidogo kidogo: katika kila fungu nikaacha chipukizi moja au mawili yaliyoelekea nje, mengine nikayatoa. Pazia la chini nalo nililirekebisha tawi kwa tawi, kila moja nikilikata kwenye panda yake, kwa urefu tofauti, ili ukingo usiwe mstari.

Wakati wa kukata ni jambo ambalo botobrashi yenyewe inakufundisha. Shika tawi moja ulitazame. Ua huota karibu na ncha, lakini tawi haliishii hapo. Baada ya ua kunyauka, ncha huendelea kukua mbele. Nyuma hubaki vikombe vidogo vigumu vya mbegu, vimeshikana kulizunguka tawi, na vinaweza kukaa pale miaka. Ukihesabu mafungu ya vikombe hivyo kutoka nchani kwenda shinani, unasoma misimu ya maua iliyopita. Nilipogoa mara tu maua yaliponyauka, nyuma kidogo ya vikombe vipya, na mti ukapata muda wa kutoa ncha nyingine za kuchanua. Anayekata wakati matumba yameshatokea anautupa msimu mzima wa maua.

Kulikuwa na wenzetu wengine wa kuwafikiria. Ndege aina ya chozi hawakauki kwenye botobrashi, na hupenda kutundika viota vyao kwenye vitawi vinavyoning'inia. Kabla ya kufungua mkasi nilizunguka mti polepole nikikagua. Nikiona kiota chenye mayai au makinda, tawi lile na majirani zake nayaacha mpaka waruke. Mwalimu alikuwa wa kwanza kunionyesha viota asubuhi, na mara nyingi alijua idadi yake kabla yangu.

Mvua za El Niño za mwaka 1997 na mwanzo wa 1998 zilikuwa mtihani. Miti ya Nairobi ilirefuka, matawi yakabeba maji, upepo ukayavunja. Katika bustani nilizozitunza, botobrashi zilizokuwa zimepunguzwa uzito juu na kusafishwa ndani zilistahimili. Ng'ambo ya ua, miti iliyokatwa kileleni miaka ya nyuma ilipasuka pale pale palipokatwa, kwa kuwa machipukizi ya kisikini hushikilia gamba la juu tu na moyo wa kisiki umeshaoza. Baada ya mvua zile, majirani wengi wa Mwalimu waliniita.

Niliwahi pia kwenda Mombasa kwa mkataba wa bustani moja ya Nyali, na huko nikakutana na mti wa Ashoka, ambao asili yake ni kusini mwa India na Sri Lanka. Huo nao huinamisha matawi, lakini yanashuka yakiwa yamebana shina, na mti unasimama mwembamba kama mnara. Upana wake hauhitaji mkasi. Kimo chake kinatoka kwenye ncha moja tu ya kati. Ukiikata, hutokea vilele kadhaa vinavyoshindana, na kuanzia hapo umejifunga kuvikata kila mwaka. Mwenye eneo dogo chini ya nyaya za umeme asiupande. Vivyo hivyo nimewakatalia waliotaka mwerebi unaoinama, ule wa asili ya China, karibu na shimo la maji taka: mizizi yake hufuata unyevu, na mti wenyewe ni mkubwa mno kwa viwanja vya leo.

Leo magoti yangu hayaipendi ngazi, na kazi ya juu nimewaachia vijana ninaowafundisha. Jambo la kwanza ninalowapa ni muda wa kutazama. Nawaketisha mbele ya mti bila kifaa chochote mkononi, waniambie ni bega lipi litakatwa, litakatwa wapi, na ni tawi gani litachukua nafasi yake. Asiyeweza kujibu hapandi. Kisha nawaambia wakate kidogo, washuke, waende mbali, watazame tena. Vijana wepesi wa kujifunza huelewa haraka kwamba kushuka ngazi ni sehemu ya kazi.

Neno langu kwa wenye bustani ni hili. Kabla ya kununua mche, uliza mti mzima una ukubwa gani, kisha pima kutoka ukutani. Botobrashi ipe mita tatu au nne. Anza kuipogoa ingali ndogo, kila mwaka mara moja, maua yakishanyauka. Matawi ya unene wa kidole hupona upesi na hayaachi kovu. Mtu akija na panga akakuahidi kumaliza kazi kabla ya saa sita, mshukuru na umwache aende zake. Mtafute anayeuzunguka mti kwanza, na umlipe hata kwa ule muda aliosimama akitazama, kwa sababu hapo ndipo kazi yenyewe inapofanyika.