Kiti cha Ustadh

Kuna mzee mmoja Beirut ninayemfuatilia kuliko ninavyomfuatilia mbunge wangu. Anaitwa Nabih Berri. Tarehe 20 Oktoba 1992 alichaguliwa spika wa bunge la Lebanon, na kiti hicho hajakiachia mtu tangu siku hiyo. Mwaka huo Moi alikuwa Ikulu na mimi nilikuwa sijazaliwa. Sisi tumebadilisha marais mara tatu tangu hapo. Wao wamebadilisha marais, mawaziri wakuu, wamewaona wanajeshi wa Israeli wakiondoka 2000 na wa Syria wakiondoka 2005. Spika ni yuleyule.

Watu huniuliza Lebanon inanihusu nini. Ni swali la haki kwa mtu ambaye wiki hii analipwa kuandika maelezo ya mashine za kufulia, na wiki ijayo bima ya magari. Jibu ni shangazi yangu. Alienda Beirut 2018 kufanya kazi ya nyumbani, na kwa mihula mitatu hela zake ndizo zilizonilipia karo. Jumapili alikuwa akinitumia sauti kwa WhatsApp, dakika nne, dakika sita, akiongea polepole kama mtu aliyejifungia bafuni, na mara nyingi ndipo alipokuwa. Moja ya hizo nimeihifadhi. "Mwanangu, huku kuna mzee picha yake iko kila mahali. Kwa duka, kwa nguzo ya stima, hadi kwa lifti. Mimi nilidhani ni marehemu. Kumbe mzee yuko, wanamwita Ustadh."

Hapo nikacheka. Kwetu ustadh ni wa madrasa, yule aliye na fimbo na subira kidogo. Lebanon neno hilo hupewa pia wakili au mtu aliyesoma, na Berri ni wakili. Alimaliza sheria 1963 katika Chuo Kikuu cha Lebanon, ambako kabla ya hapo alikuwa kiongozi wa wanafunzi. Nikaanza kumsoma usiku, kwanza kwa umbea tu. Mstari wa kwanza ukanishika: alizaliwa Sierra Leone, Januari 1938.

Kwao ni Tibnin, kusini mwa Lebanon, na babake alikuwa mfanyabiashara huko Sierra Leone. Watu wa kusini walikuja Afrika Magharibi kwa wingi kwa sababu mashamba ya tumbaku na serikali iliyowasahau havikuwalisha. Babake alivuka kuja Afrika kutafuta. Shangazi yangu akavuka kwenda kwao kutafuta. Mmoja alipata duka. Mwingine alichukuliwa pasipoti siku aliyofika, ikawekwa kwa kabati la chumba cha mama mwenye nyumba.

Ili kumwelewa Berri lazima ujue jinsi vyeo vinavyogawanywa kule. Tangu makubaliano ya 1943, rais ni Mkristo Mmaroni, waziri mkuu ni Msunni, spika ni Mshia. Kwa karatasi kila mtu amepata. Kwa ground, Washia wa kusini na wa Bonde la Bekaa walikuwa maskini wa nchi, wabeba mizigo na wasafisha viatu wa Beirut, huku viti vyao bungeni vikikaliwa na koo chache za matajiri wenye ardhi. Mwaka 1974 kiongozi wa dini aitwaye Musa Sadr alianzisha Harakati ya Walionyimwa. Jeshi lake la mgambo likaitwa Amal, na herufi hizo zinasomeka pia kama "tumaini". Agosti 1978 Sadr alisafiri kwenda Libya akapotea, na hadi leo hajaonekana. Mwaka 1980 Berri, wakili asiye wa ukoo mkubwa, mtoto wa mwenye duka, akawa kiongozi wa Amal.

Hapa nilikuwa upande wake kabisa, sikatai. Ningekuwa na miaka 25 kule mwaka ule, labda ningembebea bendera.

Kisha vikaja vita. Februari 1984 wapiganaji wa Amal na wenzao waliuchukua upande wa magharibi wa Beirut kutoka kwa jeshi la serikali. Kabla mwaka haujafika katikati, mtu huyohuyo alikuwa waziri katika serikali hiyohiyo: sheria, maji na umeme, pamoja na mambo ya kusini. Soma tena hiyo orodha. Juni 1985 ndege ya TWA iliyotoka Athens ilitekwa, baharia mmoja Mmarekani akauawa, na mateka 39 wakaishia mikononi mwa Amal hadi walipoachiliwa mwisho wa mwezi. Aliyekuwa akijadiliana na ulimwengu juu yao alikuwa Berri, waziri wa sheria. Mwaka huohuo Amal ilizizingira kambi za wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut. Mzingiro ulikuja na kuondoka hadi 1988, na mapema 1987 njaa ilikuwa kali kiasi cha watu wa kambi kula mbwa na paka. Harakati ya walionyimwa, na hao ndio waliokuwa nje ya lango wakizuia unga usiingie. Mimi hapo ndipo nilipoiteremsha ile bendera.

Vita viliisha na hakuna aliyeshtakiwa kwa mengi ya hayo, maana 1991 bunge lilipitisha sheria ya msamaha. Wakuu wa mgambo walivua magwanda, wakavaa suti, wakaingia bungeni. Na kwa Berri kulikuwa na zawadi nyingine ndani ya mkataba wa Taif wa 1989. Kabla ya hapo spika alikuwa akichaguliwa kwa muda mfupi mfupi, kwa hivyo wabunge wangeweza kumwondoa bila kelele. Taif iliongeza muda wake hadi miaka minne, sawa na bunge lenyewe. Inaonekana ni kitu kidogo cha mawakili. Ni kama kumwambia makanga kuwa kuanzia leo yeye ndiye mwenye mlango wa matatu, na dereva asubiri.

Maana kazi ya spika, jinsi Berri alivyoifanya, si kupiga nyundo tu na kusema "kimya". Ni kuamua bunge linakaa lini. Kati ya mwisho wa 2006 na Mei 2008 hakuliitisha. Alisema serikali ya wakati huo si halali kwa sababu mawaziri wa Kishia walikuwa wamejiuzulu, na milango ikakaa imefungwa mpaka viongozi wakaenda Doha kupatana. Bunge lililochaguliwa 2009 kwa miaka minne lilijiongezea muda mara tatu, likakaa hadi 2018. Rais alipoondoka Mei 2014, ilichukua hadi Oktoba 2016 kumpata mwingine, kwenye kikao cha 46. Alipoondoka huyo Oktoba 2022, vikao 12 vilishindwa. Baada ya kile cha Juni 2023, spika hakuitisha kingine cha kumchagua rais kwa mwaka mmoja na nusu.

Si yeye peke yake, kusema ukweli. Wabunge wa vyama vyote walikuwa wakitoka ukumbini ili akidi ivunjike, na kila mkubwa ana balozi wake anayemnong'onezea. Lakini ukitaka kumpata mtu mmoja aliyekuwa chumbani kila mara mlango ulipofungwa, ni Ustadh.

Nilimuuliza shangazi kwa nini basi wanampigia kura. Nilitarajia aniambie wanalazimishwa. Alichonijibu ni habari za mzee wa nyumba aliyokuwa akifanya kazi, babake mwajiri wake, mtu wa kusini. Huyo mzee alimwambia kwamba utotoni kijijini kwao hakukuwa na barabara, wala shule ya kupita darasa la chini, na kwamba mjini walikuwa wakiitwa majina. "Sasa ana mtoto mmoja kwa wizara, mwingine kwa bandari. Kila mtu huku anaingia kazi na wasta." Wasta ni kujuana, mwenyewe unajua. Kuna hata Baraza la Kusini, mfuko wa serikali ambao kwa miaka mingi umekuwa mikononi mwa watu wa Amal, na umejenga barabara na shule za kweli, zinazoonekana. Ukimwambia mzee kama huyo kuwa Berri ameiba nchi, atakuuliza: nchi gani, ile ambayo mimi sikuwa ndani yake?

Sijapata jibu la hilo swali. Ninachojua ni kwamba barabara ikijengwa na serikali, ni yako. Ikijengwa na Ustadh, unaidaiwa.

Oktoba 2019 serikali ilitaka kutoza kodi simu za WhatsApp. Tarehe 17 vijana walimwagika barabarani, na kwa siku kadhaa Lebanon nzima ilikuwa nje, hadi miji ya kusini ambako hakuna aliyekuwa amethubutu kumtaja Berri kwa ubaya hadharani. Kauli yao ilikuwa "Kullun yaani kullun". Unaona neno la katikati? Ni letu pia. Wote, yaani wote. Juni 2024, tuliposimama na machupa ya maji na bendera karibu na bunge letu, nilimkumbuka shangazi akinirekodia hiyo kelele kutoka roshani, akicheka, akisema watoto wa huku wameamka. Siku chache baadaye alirekodi nyingine, bila kicheko. Wafuasi wa Amal na Hezbollah walikuwa wameingia katikati ya mji wakang'oa mahema ya waandamanaji.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Benki zilifunga dola za watu. Machi 2020 nchi ilishindwa kulipa deni lake la nje. Mshahara wa shangazi ulikuwa dola 200. Mwajiri wake akaanza kumpa lira, kwa bei ya serikali ya 1,507 kwa dola, akisema ni sawasawa tu. Kufikia Julai dola moja mtaani ilikuwa zaidi ya lira 8,000. Piga hesabu: zile dola 200 zilikuwa zimebaki kama 38, shilingi elfu nne na kidogo. Akatuma mara mbili, kisha akanyamaza. Muhula huo jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaofanya mtihani, na sikurudi.

Sisemi ni Berri aliyenitoa chuo. Hanijui, na nchi haiangushwi na mtu mmoja. Lakini nilikuwa nimezoea kufikiria siasa za mbali kama mpira wa ulaya, kitu cha kutazama.

Na wenye nyumba angalau walikuwa na kura ya kulaumu. Sheria ya kazi ya Lebanon ni ya 1946, na kifungu chake cha saba kinawaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Wanaishi chini ya kafala, yaani udhamini: mwajiri ndiye kibali chako. Juni 2020 wanawake wa Ethiopia walikuwa wakiachwa na waajiri nje ya ubalozi wao, na mabegi. Septemba mwaka huo waziri wa kazi alitoa mkataba mpya ulioruhusu mfanyakazi kuacha kazi na kubaki na pasipoti yake. Oktoba mahakama ya mambo ya serikali iliusimamisha. Bunge halikuwahi kuwaingiza kwenye ile sheria. Miaka 28 ya spika mmoja wakati huo, na kifungu cha saba kikawa palepale.

Agosti 4 bandari ililipuka. Tani 2,750 za amonia naitreti zilikuwa ghalani tangu 2014 na kila ofisi ilikuwa na barua juu yake. Zaidi ya watu 200 walikufa. Jaji aliyechunguza alimtaka Ali Hassan Khalil, aliyekuwa waziri wa fedha na mkono wa kuume wa Berri, ajibu maswali. Hakwenda. Oktoba 2021 stima ya serikali ilizimika nchi nzima. Nilikumbuka kwamba mwaka 1984 kulikuwa na waziri wa maji na umeme.

Mei 31, 2022, bunge jipya lilikutana kumchagua spika. Kwa kanuni, kikao huongozwa na mbunge mkongwe kuliko wote kwa umri. Mkongwe alikuwa Berri, miaka 84, kwa hivyo aliongoza kikao cha kujichagua mwenyewe. Kura zilizohitajika zilikuwa 65 kati ya 128. Alipata 65. Wengine waliandika kwenye karatasi za kura habari za haki kwa waliokufa bandarini, na karatasi hizo zikahesabiwa kuwa zimeharibika.

Nilidhani hapo hadithi imefika mwisho, nimemkataa, basi. Lakini Septemba 2024 Israeli ilimuua Hassan Nasrallah wa Hezbollah, kusini kukawa moto, na mjumbe wa Marekani alipotaka mtu wa kuongea naye, mlango uliokuwapo ulikuwa mmoja. Berri, miaka 86, ndiye aliyejadiliana hadi vita vikasimamishwa rasmi tarehe 27 Novemba. Tarehe 9 Januari 2025 aliliitisha bunge, na rais akapatikana siku hiyohiyo, kwa kura 99. Kumbe iliwezekana kwa siku moja. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko miaka yote ya kufungwa.

Shangazi alirudi 2021, kwa tikiti tuliyochangishana. Anauza nguo za watoto Kayole na hapendi kuongelea Beirut, ila vita vilipoanza alikaa na simu siku mbili akimtafuta yule mzee wa nyumba. Hakupokea. Kwenye bahasha ana noti tano za lira laki moja. Aliondoka nazo Kenya kichwani kama dola 66 kila moja, sasa ni dola moja na senti. Mwezi uliopita nilizipeleka kwa maduka matatu ya kubadilisha pesa mjini. La tatu, msichana wa dirishani aliishika moja juu ya taa, akaigeuza, akaniuliza hii ni ya nchi gani.