Kaburi Jipya la Mtu wa Zamani

Mwaka 1990 nilikuwa nasomea udaktari Kraków, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Jioni ya tarehe 1 Novemba, sikukuu ya Watakatifu Wote, alinikabidhi mfuko uliojaa mishumaa ya kwenye glasi. “Mwanangu, leo utanibebea.”

Nilikulia Tanga, nikienda na baba kuzuru makaburi asubuhi za Idi, lakini umati kama ule wa makaburi ya Rakowicki sikuwahi kuuona. Mishumaa ilikuwa maelfu. Joto lake lilikupiga usoni, mgongo ukiwa bado unatetemeka kwa baridi. Bibi aliwasha ya marehemu mumewe, kisha akanishika mkono hadi upande waliolala askari wa Lejioni za Poland. Akasimama mbele ya kaburi jipya la mtu aliyekufa mwaka 1942. Mabaki yake yalikuwa yameletwa mwaka huo wa 1990 kutoka New York.

“Huyu naye alisomea udaktari,” akaniambia.

Bolesław Wieniawa-Długoszowski. Usiku ule jina lilinishinda kulitamka. Alihitimu Lwów mwaka 1906, akaacha utabibu akafuata uchoraji Berlin na Paris. Vita ilipozuka mwaka 1914 akawa askari wa farasi katika Lejioni hizo, chini ya Józef Piłsudski, ambaye baadaye alimfanya mpambe wake. Alipanda hadi ujenerali, na bado Warszawa ilimkuta mezani na washairi katika mkahawa wa Mała Ziemiańska. Baudelaire alimtafsiri mwenyewe. Bibi alimwona alipokuwa msichana mdogo, akipita barabarani mbele ya kikosi chake. Kunionyesha alivyoketi juu ya farasi, alinyoosha mgongo wake wa miaka sabini na kitu, mishumaa miwili mkononi kana kwamba ameshika hatamu.

Visa vya farasi na karamu ndivyo wengi walivyonisimulia baadaye. Mimi huwa nawarudisha Roma, Septemba 1939.

Kazi ya ubalozi haikuwa ngeni kwake. Mapema katika miaka ya 1920 alikuwa mwambata wa kijeshi Bucharest. Tangu mwaka 1938 alikuwa balozi nchini Italia. Wajerumani walipoivamia Poland tarehe 1 Septemba, na Wasovieti tarehe 17, Rais Ignacy Mościcki alivuka kuingia Romania, akazuiliwa huko. Katiba ya mwaka 1935 ilimruhusu rais kumteua mrithi wake wakati wa vita. Tarehe 25 akamteua Wieniawa. Ufaransa, ambako serikali mpya ilikuwa inaundwa, ikakataa kumtambua, na Wapolandi waliokuwa mahasimu wa kundi la Piłsudski lililokuwa limeitawala Poland, Jenerali Władysław Sikorski akiwa mbele, hawakumtaka. Alikuwa na hati ya uteuzi mkononi. Angeweza kuing'ang'ania, na nchi ambayo haikubakiwa na ardhi ingebaki na marais wawili wanaogombana ugenini. Akajiondoa. Tarehe 30 Septemba Władysław Raczkiewicz akashika nafasi ile.

Nimeishi kuona watu wakiua kwa ajili ya kiti kidogo kuliko hicho. Ndiyo maana namheshimu jenerali huyu kwa zile siku mbili tatu kuliko kwa vita vyake vyote.

Italia ilipoingia vitani Juni 1940 ubalozi wake ukaisha, akaishia Marekani. Mwaka 1942 serikali ya uhamishoni ya Sikorski, iliyokuwa sasa London, ilimpa kazi: mwakilishi wa Poland Havana, Cuba. Askari aliyeomba kupigana akapelekwa mbali kabisa na vita. Hakufika. Tarehe 1 Julai alijirusha kutoka kwenye roshani ya nyumba Riverside Drive, New York, akaacha mke na binti. Udaktari umenifunza kutokitafutia kifo cha namna hiyo sababu moja. Lakini nakiri kwamba kila nikifikiria uteuzi ule, moyo huniuma.

Tarehe 22 Desemba 1990 tulikuwa mbele ya televisheni. Samaki wa Krismasi alikuwa hai bado, anaogelea ndani ya bafu. Katika Kasri la Kifalme la Warszawa, Ryszard Kaczorowski, rais wa mwisho wa uhamishoni, alimkabidhi Lech Wałęsa nembo za urais zilizotunzwa London miaka yote ile. Bibi alihesabu kwa vidole, akianzia kidole cha shahada, gumba amelikunja kiganjani: Raczkiewicz, Zaleski, Ostrowski, Raczyński. Akahamia mkono wa pili: Sabbat, Kaczorowski. Kisha akarudi kwenye mkono wa kwanza, akalikunjua lile gumba, akalitazama kidogo, akainuka kwenda kuweka chai.