Shifti ya Saa Tano Usiku

Mzigo ulikuwa na njia yake. Hilo ndilo linalonijia kwanza nikitajiwa viwanda vya Barabara ya Pugu jijini Dar es Salaam, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Tangu Chang'ombe, Vingunguti, hadi Kipawa karibu na uwanja wa ndege, viwanda vilifuatana na lami, na kwa vingine reli iliingia hadi ndani ya geti. Behewa lililopakiwa bandarini lilipakuliwa mlangoni pa ghala. Sisi wafanyakazi tulikaa Buguruni, Ilala na Temeke, na njia yetu hakuna aliyeichora.

Nilikuwa binti wa kiwanda cha nguo, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Abiria wa mjini walikuwa mikononi mwa UDA, shirika lililoundwa mwaka 1974, lenye Ikarusi za Hungaria, yale mabasi marefu yenye kiungo katikati. Baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, vipuri vikaadimika nazo, na mabasi yakalala gereji. Lililobaki barabarani lilifika kituoni limeshajaa. Wanaume walidandia mlangoni. Wanawake, wengine wajawazito, walibaki wamesimama. Geti lilifungwa saa moja kamili asubuhi, na aliyechelewa alikatwa siku yake hata kama alitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri.

Lakini asubuhi ilikuwa afadhali. Shifti ya mchana ilitoka saa tano usiku, na saa hiyo basi halikuwapo kabisa. Tulirudi Buguruni kwa miguu tukifuata Reli ya Kati, kwa sababu tuta lake lilikuwa juu na mvua za masika hazikulifunika. Mama mmoja wa Kizaramo, mtu wa idara ya kufuma, alitangulia na tochi. Wasichana tulikaa katikati. "Wanangu, asibaki mtu nyuma," alikuwa akisema, na hakuondoka getini mpaka ametuhesabu. Treni ya mizigo ikija tulishuka kwenye majani, ikapita na marobota ya pamba, kisha tukapanda tena tuta. Nilimpenda mama yule, na bado naamini uzalishaji wa shifti ile ulisimama juu ya tochi yake kuliko juu ya mpango wowote ulioandikwa ofisini.

Mwaka 1983 serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli shilingi 5. Mchana tukapumua. Usiku wenye magari walikwenda kuyalaza.

Treni ya abiria ya kwenda kazini na kurudi, kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, ilianza Oktoba 2012. Watu waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Nilishangilia pamoja na wenzangu wa Buguruni, ingawa viungo vyangu vilikuwa vimeshazeeka. Pale Buguruni reli ilikuwa ileile Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, tuliyoifuata kwa miguu.

Sasa viwanda vipya vinajengwa Kwala, Kibaha, na reli imefikishwa hadi bandari kavu. Nafurahi, maana vijana wetu wanahitaji kazi. Ila kila ninapokutana na mtu wa mipango namuuliza swali moja, na nitaendelea kumuuliza: binti anayetoka shifti ya saa tano usiku atapanda nini?